Ukungu wa Maji Barazani: Majibu kwa Wasomaji

Baraza langu hapa Dodoma lina urefu wa mita 6, linaangalia magharibi, na kuanzia saa 8 mchana halikaliki. Nimefunga mpira wa milimita 6 wenye nozeli 9 za shaba na kuuunga kwenye simtanki iliyo juu ya mnara wa mita 3. Badala ya ukungu napata matone yanayolowesha viti. Je, nimeuziwa nozeli mbovu? (Msomaji, Dodoma)

Nozeli zako hazina kosa, kilichokosekana ni presha. Maji yakishuka mita 10 hutoa presha ya bar 1, kwa hiyo mnara wako unakupa bar 0.3 tu. Nozeli yenye tundu la milimita 0.3 huanza kutoa ukungu wa maana kwenye bar 3 hadi 4. Usihangaike kuinua tangi, maana ungehitaji mnara wa mita 30 au zaidi. Tafuta pampu ndogo ya diaframu ya volti 12, kama zile za mitambo ya kuchuja maji ya kunywa au za kupulizia mashambani, yenye uwezo wa bar 5 au zaidi. Nunua mpya. Pampu iliyowahi kupitisha dawa ya wadudu isiguse kabisa mfumo ambao watu watavuta ukungu wake, hata ikioshwa namna gani.

Mpangilio unaanzia kwenye tangi, kisha koki, chujio la mikroni 5, pampu, tii (kiungo chenye midomo mitatu), geji ya presha, na mwisho mpira wa nozeli. Tii hiyo ndiyo wengi huiacha, na ndiyo huokoa pampu. Nozeli 9 kwenye bar 4 hutumia jumla ya lita 30 hadi 35 kwa saa, wakati pampu hizo husukuma lita 4 au 5 kwa dakika. Matokeo yake mpira hujaa papo hapo, swichi ya presha inakata, presha inashuka, pampu inawaka tena. Utaisikia ikikatakata mfululizo mpaka swichi iungue. Kutoka kwenye tii toa mpira wa kurudisha maji kwenye tangi, uutie koki ndogo. Washa pampu koki ikiwa wazi, kisha uifunge kidogo kidogo huku ukitazama geji, mpaka mshale utulie kwenye 4. Pampu na adapta yake vikae pakavu, na umeme upite kwenye swichi ya usalama inayokata unapovuja.

Kabla ya kurudisha nozeli, acha ncha ya mpira wazi na upitishe maji dakika 2. Vumbi la plastiki lililobaki wakati wa kukata mpira ndilo huziba nozeli siku ya kwanza. Zifunge kwa nafasi ya sentimita 70, kimo cha mita 2.5, zikiinamia nje ya baraza kwa nyuzi 45. Kwenye bar 4 matone bado si madogo sana, hivyo yanahitaji mwendo wa kutosha hewani ili yakauke kabla ya kufika kwenye kiti.

Baada ya wiki chache ukungu utaanza kwenda upande au kukatika. Hiyo ni chokaa, kwa kuwa maji ya visima ya Dodoma yana chumvi nyingi. Fungua nozeli, zilaze usiku kucha kwenye siki nyeupe, kisha zisuuze. Usizichokonoe kwa sindano: tundu likikwaruzwa hata kidogo, nozeli hiyo itatoa mshirizi wa maji moja kwa moja, na dawa yake ni kununua nyingine.

Mimi niko Mombasa, Nyali. Rafiki yangu wa bara amefunga mfumo wa ukungu na anausifu sana. Nami nifunge? (Msomaji, Mombasa)

Pima kwanza, ni kazi ya dakika chache. Chukua vipimajoto viwili, kimoja ukifunge kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha yake. Viweke kivulini mbele ya feni, na baada ya dakika 5 soma vyote viwili. Tofauti yake ndiyo kiwango cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kupoza hewa hiyo, na kwenye baraza lililo wazi utapata nusu yake au pungufu.

Mchana wa Oktoba Dodoma, joto likiwa nyuzi 33 na unyevu hewani asilimia 30, kipimajoto kilicholowa husoma karibu 21. Tofauti ni 12, na kupata nafuu ya nyuzi 4 hadi 6 barazani si ajabu. Kwenu Februari, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, hicho hicho husoma 27 na ushee. Tofauti haifiki 5. Hewa tayari imeshiba maji. Ukiiongezea, ukungu hautakauka, utatua mwilini na mezani, na jasho lako nalo litashindwa kukauka. Mtu huishia kuhisi joto zaidi kuliko alivyokuwa.

Kwa maoni yetu, tofauti ikiwa chini ya nyuzi 6 weka pesa yako kwenye feni kubwa ya ukutani na kivuli. Kama baraza limeezekwa mabati, joto linalokupiga kichwani linatoka kwenye bati lenyewe. Dari ya makuti chini yake, yenye nafasi ya hewa kupita katikati, itakufaa kuliko nozeli yoyote.

Nina okidi, anturiamu na mawaridi kwenye vyungu barazani, Arusha. Nawapulizia ukungu asubuhi na jioni. Majani yana utando mweupe, na mawaridi yametoka madoa meusi yenye ukingo wa njano. Nizidishe au nipunguze? (Msomaji, Arusha)

Ya jioni iache leo hii. Madoa hayo kwenye mawaridi ni kuvu, na kuvu huyo huhitaji jani lililolowa kwa saa nyingi mfululizo. Jani linalolowa jioni hubaki hivyo mpaka asubuhi. Toa majani yote yenye madoa pamoja na yaliyoanguka, yatie kwenye takataka wala si kwenye mboji, na usogeze vyungu mpaka majani ya jirani yasigusane. Mawaridi yatoe kabisa kwenye mstari wa ukungu. Mshubiri na kakti pia hazitaki ukungu.

Okidi na anturiamu zinaupenda, lakini kwa vipindi vifupi: taima iwashe sekunde 10, ipumzike dakika 5, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na siku ya mawingu usiwashe. Kipimo ni jani lenyewe. Liguse kabla ya kipindi kinachofuata; kama bado limelowa, ongeza mapumziko.

Utando mweupe ni chumvi ya maji iliyobaki baada ya maji kukauka. Ufute kwa kitambaa laini chenye maji ya mvua na matone machache ya limau, kisha utumie maji ya mvua kwa ukungu kama unayavuna. Na ukungu usikudanganye kuhusu kiu ya mmea: juu ya chungu hulowa, chini pakabaki pakavu. Ingiza kidole sentimita 3 kwenye udongo wa mawaridi kabla ya kuamua kumwagilia. Visahani vya chini ya vyungu vimwage kila siku chache, la sivyo utafuga mbu.

Hapa Maskati tunataka kufunga pampu ya bar 70. Maji ya tangi la juu ya paa hutoka ya moto, yatapoza kweli? Na wazee wetu hukaa hapo kila siku, je, kuvuta ukungu huo ni salama? (Msomaji, Oman)

Moto wa maji si tatizo. Lita moja ikigeuka mvuke hunyonya kilojouli 2,400 hivi, sawa na joto la hita ya wati 670 kwa saa nzima. Maji yakiwa na nyuzi 20 zaidi, hasara yake ni kilojouli 84 tu. Na siku upepo wa gharbi unapovuma kutoka jangwani, hewa ni kavu na mfumo huo utafanya kazi vizuri sana. Upepo ukigeuka kutoka baharini na hewa kuwa nzito, uzime.

Swali la pili ndilo la kushughulikia. Bakteria wa legionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, huzaliana kwenye maji yaliyotuama ya nyuzi 20 hadi 45, na humwingia mtu kwa kuvuta matone madogo kama hayo mnayotaka kutengeneza. Wazee, wavutaji sigara na wenye mapafu dhaifu ndio hudhurika zaidi. Kwa hiyo msitumie tangi la paa. Wekeni tangi dogo lenye mfuniko, kivulini, linalojazwa moja kwa moja kutoka bomba kuu. Mwageni maji ya mabomba kila mkimaliza. Mfumo ukikaa siku kadhaa bila kutumika, toeni nozeli na mpitishe maji mapya dakika 3 kabla mtu hajakaa hapo.

Kila mwezi tieni klorini: dawa ya kufanyia weupe ya asilimia 5, isiyo na manukato, mililita 1 kwa kila lita ya maji. Ipite hadi mwisho wa mabomba, nozeli zikiwa zimetolewa, ikae saa moja, kisha msuuze mpaka harufu iishe.

Nikizima mfumo, nozeli huendelea kudondosha kwa dakika kumi na vyungu vya chini vinaoza. (Msomaji, Lodwar)

Hayo ni maji yaliyobaki ndani ya mpira. Ulaze kwa mteremko kidogo na ufunge vali ya kumwagia kwenye ncha ya chini kabisa, inayofunguka presha ikishuka. Njia nyingine ni kununua nozeli zenye springi na gololi ndani, ambazo hujifunga zenyewe. Chagua zenye chujio dogo shingoni. Zisizo nalo, mchanga hukaa chini ya gololi na zinaanza kudondosha upya.