Ndiyo, Baba Mdogo, mzigo niliushusha mwenyewe

Baba Mdogo, shikamoo. Na wengine wote wa ukoo, habari za huko nyumbani.

Tangu picha ile niliyopigwa nikivuta jeki ya paleti, yaani kitoroli cha kuinulia majukwaa ya mbao yanayopangiwa mizigo, ilipoingia kwenye kundi letu la WhatsApp, nimepokea maswali mengi kuliko niliyopokea siku nilipoondoka. Baba Mdogo ameuliza kama nilivuka bahari ili niwe kuli, ilhali miaka yote niliyoendesha lori kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hakuwahi kuniona nikibeba hata mfuko mmoja wa saruji. Mpwa wangu ameuliza jambo lililo zito zaidi, yaani kama auze kiwanja chake cha Mlandizi ili awe na ada ya shule ya udereva huku Ohio, endapo viza ya bahati nasibu itamwangukia kama ilivyoniangukia mimi. Nimeona niwajibu kwa maandishi, kwa kuwa jambo hili lina hesabu ndani yake, na hesabu haisikiki vizuri katika ujumbe wa sauti.

Nianze na picha yenyewe. Ilipigwa katika ghala moja la vyakula karibu na Indianapolis, katika mwaka wangu wa kwanza barabarani, nikiwa bado naendeshea kampuni ambayo sitaitaja. Nilipewa miadi ya kufika saa 10 alfajiri, kwa hiyo niliamka saa 9, nikakagua gari, nikaendesha maili 40 kutoka kituo nilicholala. Getini walikagua namba ya sili kwenye milango ya tela, wakanipa kifaa kidogo ambacho hutetemeka zamu yako ikifika, wakaniambia nisubiri. Kilitetemeka saa 1 asubuhi. Nikarudisha tela la futi 53 kwenye mlango wa kushushia, taa ya mlangoni ikawa nyekundu, yaani nisiondoe gari, nikaenda dirishani nikidhani kazi yangu imekwisha.

Pale dirishani niliulizwa swali ambalo nyumbani hakuna dereva aliyewahi kuulizwa: unashusha mwenyewe au unalipa lampa? Lampa ndiyo makuli wa huku. Si waajiriwa wa ghala. Kwa kawaida wanatoka katika kampuni nyingine iliyopewa mkataba wa kushusha mizigo humo ndani, na gharama yao anatozwa aliyeleta mzigo. Siku hiyo walitaka dola 310. Nikampigia mpangaji wa safari wa kampuni yangu ili anitumie namba ya malipo ambayo lampa hulipwa nayo. Akasema dalali wa mzigo, aliyeipa kampuni yetu safari ile, hajaidhinisha fedha hizo, hivyo nishushe mwenyewe, nami nitaongezewa dola 60.

Msidhani kwamba kushusha maana yake ni kutoa paleti 22 ndani ya tela na kuziweka chini, kwa sababu hiyo, ukiwa na jeki nzima na sakafu kavu, ni kazi ya saa moja tu. Ugumu uko kwenye urefu wa paleti. Kila ghala lina kipimo chake cha safu ngapi za katoni ziwe juu ya paleti moja, kulingana na nafasi iliyopo kwenye rafu zake, na mtumaji wa mzigo huwa na kipimo chake kinachojaza tela vizuri. Paleti 9 kati ya zangu zilikuwa za maharage ya kopo, zimepangwa safu 7 za katoni 10, na ghala lilitaka safu 5. Ikabidi nikate nailoni, niondoe safu mbili za juu katika kila moja, nizipange upya juu ya paleti tupu, kisha nizizungushie nailoni nyingine. Fanyeni hesabu: katoni 180, kila moja kilo 12, yaani zaidi ya tani mbili zilizopita mikononi mwangu kabla ya mchana, na mimi nimevaa viatu vya kuendeshea. Mmoja wa lampa, mtu wa Bukavu, alinisikia nikinong'ona peke yangu kwa Kiswahili, akaniazima glavu zake. Ndiye aliyepiga ile picha.

Nilipata karatasi zangu zimepigwa mhuri saa 7 mchana, tangu saa 9 usiku. Jumla ni muda wa saa 10 kamili. Kwa kuwa nilikuwa nalipwa senti 52 kwa maili, zile maili 40 zilinipa dola 20 na senti 80, na ukiongeza dola 60 za kushusha unapata dola 80 na senti 80, yaani dola 8 na senti chache kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho, ambacho hakijapanda tangu 2009, ni dola 7.25. Baba Mdogo, hilo ndilo lililoniuma. Kubeba katoni hakukuniuma.

Hapa ndipo naomba mnielewe, kwa sababu naona kundini watu wameshika aibu na kuacha hesabu. Nyumbani dereva ana utingo, na kwenye kushusha wapo makuli wa Kariakoo au wa popote mzigo unapokwenda, na dereva hukaa kivulini akinywa chai kwa sababu heshima ya usukani ndivyo ilivyopangwa. Huku hakuna utingo. Uko peke yako katika kichwa cha lori wiki tatu, unajifunikia mzigo, unajifungia mikanda, unajipimia upepo wa matairi, na hakuna anayekuona mdogo kwa hilo. Wapo madereva wanaopeleka vyakula kwenye migahawa ambao kushusha ndiyo kazi yao ya kila siku, wanateremsha maboksi kwenye ngazi ya chuma kwa kitoroli mpaka ndani ya jokofu la mteja, na wengi wao wanapata fedha nzuri kuliko mimi, kwa kuwa mkataba wao unahesabu kila kituo au kila boksi. Mgongo unaumia, lakini wamelipwa.

Tatizo letu sisi wa masafa marefu ni kwamba tunalipwa kwa maili, na ghala haliendi maili yoyote. Saa ambazo magurudumu yamesimama ni za bure kwa kila mtu isipokuwa dereva. Ghala halioni haja ya kuajiri watu wa kutosha wa kupokea, kwa sababu foleni ya malori nje ya geti hailigharimu kitu. Kwa desturi ya biashara hii, saa mbili za kwanza za kusubiri hazidaiwi, na za baada ya hapo zikidaiwa mara nyingi hulipwa kampuni, kisha dereva hupewa kipande au hapewi kabisa. Wala msiseme wafanyakazi wote wa Marekani hulipwa zaidi wakizidisha saa 40 kwa wiki. Sheria ya kazi ya mwaka 1938 iliyoweka haki hiyo iliwaacha nje madereva wanaosafirisha mizigo kati ya majimbo, na mpaka leo tumeachwa huko huko nje.

Mtauliza sheria inasema nini juu ya kushusha. Ipo, na ni nzuri ukiisoma. Sheria ya shirikisho inasema kwamba mtumaji au mpokeaji wa mzigo akitaka dereva asaidiwe kupakia au kushusha, basi yeye ndiye atakayetoa wasaidizi hao au kurudisha gharama yote ya kuwapata. Na ni kosa kumshurutisha dereva ashushe, au amlipe mtu wa kushusha, asipotaka mwenyewe. Lakini sheria hiyo haimkatazi mtu kukubali, na kwenye karatasi nilizotia saini siku ya kwanza, nikiwa na furaha ya kupata kazi, kampuni ilikuwa imekwisha kukubali kwa niaba yangu. Kilichobaki dirishani ni mchezo wa nani anayejali muda zaidi, na anayejali muda siku zote ni yule mwenye lori.

Muda wenyewe nao si wa kuchezea. Ndani ya gari kuna kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, ambacho huhesabu saa zako. Unaruhusiwa kuendesha saa 11, na saa hizo lazima ziishe ndani ya saa 14 tangu ulipoanza kazi, kisha upumzike saa 10. Zile saa 14 zinakwenda hata ukiwa umekaa getini. Kuna namna ya kugawa mapumziko ili uzizuie zisiliwe, lakini yahitaji ujue mapema kwamba utasubiri muda gani, na ghala halikwambii. Siku ile ya Indianapolis saa zangu zilikuwa zinaishia saa 11 jioni. Nilipotoka saa 7 mchana nilibakiwa na saa 4, na mzigo uliofuata ulikuwa umbali wa saa 5. Ukapewa mtu mwingine, nami nikalala kwenye kituo cha mafuta bila kazi mpaka asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wenzangu hawapendi kulisema mbele ya wageni. Ukishusha mzigo kwa mikono yako, kifaa kinapaswa kuonyesha kwamba uko kazini ingawa huendeshi, na saa hizo zinahesabiwa katika saa 70 unazoruhusiwa kwa siku 8. Wengi hubonyeza kwamba wamepumzika, ili wasipoteze saa za wiki, huku wakivuta paleti. Nami nimewahi kufanya hivyo. Ni uongo, na ni uongo wa hatari, kwa sababu mtu aliyeinua tani mbili tangu alfajiri anaingia barabara kuu na lori ambalo likipakiwa hufika tani 36, huku karatasi zikisema alikuwa amelala. Likitokea la kutokea, mwanasheria wa upande wa pili ataomba kamera za ghala, na humo utaonekana ukiwa umeshika jeki.

Na ukiumia? Mwajiriwa kwa kawaida ana bima ya mwajiri. Lakini kampuni nyingi ndogo, zikiwemo za Waafrika wenzetu, huwaandikisha madereva kama wakandarasi wanaojitegemea, na mkandarasi aliyeteguka mgongo kwenye sakafu ya ghala la watu mara nyingi hana fidia yoyote isipokuwa ile bima aliyojinunulia. Mpwa wangu, neno "unajitegemea" lina ladha tamu kwenye simu. Uliza linamaanisha nini ukianguka.

Haya mambo si lazima yawe hivi. Hispania, tangu Septemba 2022, dereva wa gari la zaidi ya tani 7.5 haruhusiwi kwa jumla kupakia wala kushusha mzigo, isipokuwa katika kazi chache zilizotajwa, kama vile kuhamisha vyombo vya nyumbani, matangi ya mafuta na magari yanayobeba magari. Ureno ilikwisha kuweka sheria ya namna hiyo mwaka uliotangulia. Huku Marekani ni makubaliano, na makubaliano ni ya mwenye nguvu.

Hata hivyo sitaki Baba Mdogo aone kwamba nyumbani tulikuwa peponi. Nililipwa kwa safari, na foleni ya mpakani Tunduma au Kasumbalesa ikinishika siku nne, zile siku nne hazikuwa za mtu. Tulinunua maji kwa fedha zetu, tukaoga nyuma ya gari, na tajiri akipiga simu alikuwa anauliza mzigo, haulizi mtu. Tofauti ni kwamba kule sikuwa na saa ya kunionyesha ninavyoibiwa, na huku ninayo, inawaka mbele ya macho yangu siku nzima.

Sasa nimjibu mpwa wangu. Kiwanja usikiuze kabla viza haijatoka, hilo hata shangazi yako atakwambia. Viza ikitoka, kazi ipo na fedha ipo, kwa sababu mizigo mingi ya masafa marefu dereva haigusi kabisa: unaacha tela moja uwanjani, unafunga jingine, unaondoka. Lakini kabla ya kutia saini kokote, uliza kwa maandishi mambo haya. Ni mizigo mingapi kati ya kumi ambayo dereva huigusa kwa mkono? Lampa analipwa na nani, na namba ya malipo inatoka baada ya dakika ngapi, hata usiku? Kusubiri kunalipwa kuanzia saa ya ngapi, kwa kiasi gani, na kinaingia kwenye mshahara wa nani? Ukilipa lampa mwenyewe, tunza risiti kama hati ya nyumba, maana bila risiti dalali hakujui. Akikwambia mtu kwamba maswali haya ni ya mtu mvivu, muage vizuri, uende zako.

Kampuni ninayoendeshea sasa ilinijibu maswali yote kwa barua pepe kabla sijaanza. Wiki iliyopita nilikwama kwa muda wa saa 5 kwenye ghala moja huko Kentucky. Saa mbili za mwanzo hazikulipwa, kama kawaida. Tatu zilizobaki nililipwa dola 18 kila moja, lampa wakashusha kila kitu, nami nikavuta pazia, nikalala.