Uliza Anko: Kura Yangu Imeenda Wapi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu zile shoo za katuni ambazo washindani wake ni vitu, penseli, sarafu, jani, tone la machozi, na watazamaji ndo wanaopiga kura nani atoke. Nikadhani imeishia hapo, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi na nyingine zimeandikwa na watu ambao jambo hili linawauma kweli. Nimechukua tano, nimezifupisha kidogo.

Anko habari za kazi. Mwanangu ana miaka 11, tangu shule zifungwe ni simu na katuni za majani na moto. Juzi nimemkuta analia kabisa, namuuliza vipi ananiambia mama wamemtoa. Nani? Ua. Yani ua la kwenye katuni. Naomba nieleweshe hiki kitu ni nini na je kina ubaya wowote?
*Mama wa mmoja, Tabata*

Nzuri mama, na pole kwa mshtuko. Huyo ua anaitwa Flower, na ndo mshiriki wa kwanza kabisa kutolewa kwenye shoo inayoitwa Battle for Dream Island, mashabiki wanafupisha BFDI. Kwahiyo mwanao ameanza kuangalia tokea mwanzo, na kaumia mapema.

Episodi ya kwanza ilitoka tarehe 1 Januari 2010 kwenye chaneli ya jacknjellify, ya mapacha wawili wa Marekani, Cary Huang na Michael Huang, na hao wakati huo walikuwa watoto wa shule tu mama, hakuna studio wala kampuni nyuma yao. Washindani 20, kila mmoja ni kitu cha kawaida kilichopewa miguu myembamba kama vijiti, na wengi wana mikono ya hivohivo, na zawadi ni kisiwa chenye ukubwa wa maili moja ya mraba. Mtangazaji ni boksi la spika. Episodi nyingi zina chalenji, waliofeli wanawekwa mbele ya watazamaji, watazamaji wanapiga kura kwenye komenti, alafu episodi inayofuata inaanza na kugawa keki, ukipewa kipande umepona, ukikosa unaenda kufungiwa kwenye kijumba kidogo pamoja na wengine waliotolewa. Sehemu hiyo ya keki inaitwa Cake at Stake na nakuhakikishia hapo ndo mwanao anashika pumzi. Msimu ule uliisha tarehe 1 Januari 2012, miaka miwili kamili, na mshindi akawa Firey, yule wa moto.

Sasa kwanini analia. Katuni nyingine zote anazoangalia zimeshaamuliwa na mtu mzima aliyekaa ofisini, yeye kazi yake ni kutazama. Hapa watoto wenzake nao walikuwa wanapiga kura, tena walikuwa wanapendekeza hadi wahusika wapya na wengine walichorwa kweli wakaonekana kwenye episodi. Mtoto anahisi kitu hicho ni chake. Na kwa mtoto wa miaka 11 si jambo dogo, mara ngapi anaulizwa maoni yake nyumbani au shuleni na yakahesabiwa?

Ubaya kwenye shoo yenyewe ni mdogo, wahusika wanapasuka, wanaungua, wanazama, alafu wanarudishwa, kuna yule Bubble wa povu anapasuka mara kwa mara na wana mashine maalum ya kumrudisha. Mimi ningeangalia zaidi yale magroup ya mashabiki, manake huko anakutana na watu wazima asiowajua, na YouTube yenyewe ya kawaida akaunti ni kuanzia miaka 13. Kaa naye episodi mbili tatu mama, muulize yeye angempigia nani kura na kwanini. Utashangaa atakavyojieleza.

Anko mimi nafuatilia shoo moja ya mashabiki, sitaitaja. Mhusika wangu alikuwa hatarini na mwenzake mmoja, kura zilikuwa za kumtoa mtu. Nilikaa nikahesabu komenti zote mwenyewe, wangu alikuwa na 41 mwenzake 58. Episodi inatoka, wangu ndo katolewa. Nimeuliza kwa heshima kabisa nikablokiwa. Ni haki hii?
*Nimeumia, Tanga*

Kablokiwa mtu aliyekaa kuhesabu komenti 99? Mdogo wangu pole sana.

Ila kabla ya kusema umeibiwa nikwambie kinachoweza kutokea, manake nimewahi kuhesabu kura hizi na haziko rahisi kama zinavyoonekana. Kwanza kabisa YouTube ina tabia ya kuficha baadhi ya komenti inazozitilia shaka, zinakaa kwenye foleni ya kukaguliwa, mwenye chaneli anaziona wewe huzioni, kwahiyo zako 99 huenda kwake zilikuwa 120. Pili, ukiangalia komenti zikiwa zimepangwa kwa zinazopendwa zaidi unaweza kuruka nyingi bila kujua, lazima uweke mpya kwanza. Tatu kuna mtu anapiga mara tatu kwa akaunti hiyohiyo, kuna anayeediti komenti baada ya muda kuisha, kuna anayeandika "naipenda sana ndala jamani" na wewe unabaki unajiuliza hii ni kura ya kumtoa ndala au ya kumpenda. Ndo manake kwenye BFB (Battle for BFDI), ule msimu wa BFDI ulioanza Novemba 2017, jacknjellify walitaka kura iandikwe kwa herufi moja ndani ya mabano ya mraba, [A], [B], [C], ukiandika hivo programu ya kompyuta inaisoma bila ubishi. Kitu kidogo hicho lakini kimemaliza ugomvi mwingi.

Sasa yote hayo yana jibu moja rahisi, mwenye shoo angetoa hesabu. Angeweka kura za kila mmoja kwenye skrini, aseme nimefuta kadhaa kwa sababu zilirudiwa, mwisho wa kupiga ilikuwa Jumapili saa 2 usiku, basi. Kukublok ni jibu pia, na jibu lenyewe si zuri.

Na hapa niseme langu. Miaka ya nyuma niliendesha kashindano kama hako kwenye group la WhatsApp la mtaani kwetu, nachora kwa kalamu ya risasi, napiga picha, natupia humo, watu wanapiga kura. Nahesabu kwenye daftari la shule, vijiti vinne na cha tano kinakata. Nilikuwa nampenda Kibatari kuliko wote, nilishamwandikia hadithi yake hadi fainali, na siku moja kura zikamkataa, 17 kwa 14. Usiku ule niliongeza vijiti vinne kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyejua. Asubuhi binti mmoja wa jirani, darasa la sita, akaja na simu ya mama yake ana skrinshoti za kura zote, amezipanga, akaniambia anko umekosea kuhesabu. Hakusema umeiba, alidhani kweli nimekosea. Nilimtoa Kibatari siku ileile na nikawaambia group nilichofanya, na watu saba waliondoka. Yule binti alibaki.

Kwahiyo kaka ukiniuliza ni haki, kama alibadilisha basi si haki na hakuna kisingizio cha "ni katuni tu". Mtu akitaka kuandika hadithi yake mwenyewe nani atoke nani abaki, aandike, zipo shoo za mashabiki zinaenda hivo na zinasema wazi toka mwanzo, na ni nzuri. Ila ukishaniambia piga kura, umechukua muda wangu na bando langu, na umenipa neno lako. Hilo neno ndo shoo yenyewe, michoro inakuja baadae.

Weka skrinshoti zako. Muulize tena mara moja kupitia mtu ambaye hajablokiwa, kwa adabu ileile, aonyeshe hesabu tu. Asipojibu, ondoka, shoo nzuri zipo nyingi.

Shikamoo anko. Niko kidato cha pili, nataka kuanzisha shoo yangu ya vitu, washindani ni kinu, mbuzi ya nazi, ndala, kata, jiko la mkaa na wengine. Marafiki zangu wanasema lazima niwatumie akina Firey na Leafy wa BFDI ndo watu waangalie. Na sina laptopu nina simu tu. Nifanyeje?
*Mchoraji, Lindi*

Marahaba mwanangu. Mbuzi ya nazi! Nimeisoma barua yako mara tatu. Hebu fikiria jinsi anavyokaa, ana meno mbele, watu wanamkalia mgongoni kila siku, huyo tayari ana hasira zake na ana sababu. Hapo hujaandika hata neno moja na mhusika umeshampata. Usiwasikilize hao marafiki.

Inanimate Insanity iliyoanzishwa na Adam Katz ilitoka Aprili 2011, mwaka mmoja na kidogo tu baada ya BFDI, na ilizaliwa kutokana na kuipenda BFDI, lakini ilikuja na vitu vyake na mtangazaji wake, simu inayoitwa MePhone4. Ndo manake bado inatajwa leo. Akina Firey wana wenyewe, waachie.

Simu inatosha. Tafuta apu ya kuchorea katuni kama FlipaClip, weka picha 12 kwa sekunde, na usiogope hesabu hii nayokupa, dakika moja ni picha 720. Ila huchori 720. Mwili wa kinu unauchora mara moja unaukopi, haubadiliki, ndo raha ya vitu, kinu hakina nywele wala shati la kukunjakunja. Unachobadilisha ni macho, mdomo, na vile vijiti vya mikono na miguu. Chora midomo sita au saba kwenye ukurasa wake, mdomo wa "a", wa "o", uliofungwa, wa kucheka, wa hasira, alafu uwe unaibandika kufuata sauti. Rekodi sauti kwanza, chora baadae, ukifanya kinyume utaumia.

Washindani wasizidi 8. BFB ilianza na wahusika 64 na walioitengeneza walikuwa na uzoefu wa miaka na watu wa kuwasaidia, wewe uko peke yako na una mtihani wa kidato cha pili.

Na jambo moja la kiufundi ambalo linawaangusha wengi. Ukipandisha video YouTube unaulizwa kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Tangu Januari 2020, ukijibu ndiyo komenti zinafungwa kabisa kwenye hiyo video, yani kura zako hazina pa kuingilia. Usidanganye kwenye hilo swali, kama ni ya watoto sema ni ya watoto, alafu kura zikusanye kwenye fomu ya Google na linki uiweke kwenye maelezo. Fomu ina sehemu ya kuruhusu jibu moja kwa kila mtu, iwashe, ingawa itamtaka mpiga kura aingie na akaunti yake.

Ukimaliza episodi ya kwanza nitumie. Namsubiri huyo mbuzi.

Sijui kuchora kabisa anko. Naweza kuanzisha mashindano gani?
*Eldoret*

Ya maneno. Cary Huang huyohuyo alikuwa na shindano linaitwa Ten Words of Wisdom, humo hakuna penseli wala jani anayeshindana, ni watazamaji wenyewe. Swali linatolewa, unajibu kwa maneno yasiyozidi 10, majibu yanawekwa, watazamaji wanayapanga kwa uzuri, waliopata alama za chini wanatoka, mpaka abaki mmoja. Kwa Kiswahili litanoga, sisi watu wa methali na vitendawili maneno 10 yanatutosha na chenji inabaki. Kitu cha kuzingatia, ficha majina ya walioandika hadi kura ziishe, la sivyo watu wanapigia rafiki zao.

Anko, shoo tuliyokuwa tunaifuata mashabiki imesimama mwaka wa pili sasa, tulishapiga kura na matokeo hayajatoka. Mwenyewe yupo, anaposti mambo mengine. Tusubiri au tukate tamaa?
*Kundi la watu 12, Muscat*

Kusimama peke yake si dhambi. Msimu wa pili wa BFDI, ule wa BFDIA, ulianza Juni 2012, ukakatika 2013 baada ya episodi ya tano, na episodi ya sita ilikuja kutoka 2023. Miaka kumi jamani. Kuna watu walipiga kura wakiwa shule ya msingi, wakaona muendelezo wakiwa na kazi. Na walirudi kuangalia.

Lakini nyie hamhitaji miaka kumi, mnahitaji dakika zake tano. Matokeo ya kura hayasubiri michoro, anaweza kuyaandika kwenye posti moja, huyu kura kadhaa, huyu kadhaa, fulani katoka, episodi sijui lini. Muombeni hilo tu wote 12 kwa ujumbe mmoja, msimlaumu, huwezi kujua ana nini nyumbani. Nadhani na yeye linamkaa kooni, kila akifungua ile chaneli anaziona kura zenu pale chini.