Mvua za masika zimekatika, lakini bustani ya nyumbani bado inapandika

Dada, umeuliza kama umechelewa kuanza bustani ya mboga: mwanzo wa Juni, mvua zimekatika, na wewe ndiyo kwanza umemaliza kusafisha kiwanja nyuma ya nyumba hapo Kihonda, Morogoro. Waliotangulia kukujibu wanasema subiri vuli. Mimi siafiki. Niko Bigwa, mji huu huu, mwaka wa tisa sasa nalima bustani ya nyumbani, na mboga zangu nzuri kuliko zote huwa za Juni hadi Septemba. Masika magugu yanakushinda nguvu, na nyanya zinaungua kwa bakajani, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani, kabla hujaonja hata moja. Kipupwe majani yanashinda makavu, ugonjwa ule unapungua sana.

Kinachowaangusha watu kipindi hiki ni kulima kana kwamba mvua bado ipo. Yalinikuta mwaka wa kwanza. Nilihamishia miche 40 ya nyanya kwenye matuta ya kuinuka, yale yale niliyoyatengeneza Machi ili maji yasituame. Kila jioni nilimwagilia mpaka udongo uking'aa. Julai majani yakaanza kujikunja. Nikachukua kijiko, nikachimbua pembeni ya mche mmoja: unyevu uliishia kina cha pingili moja ya kidole, chini yake vumbi tupu. Maji yote yalikuwa yanateremkia ubavuni mwa tuta. Zilizojitahidi kuzaa zikaoza kitako, lile doa jeusi chini ya tunda. Mmea ukipata maji leo ukayakosa kesho, kalsiamu haifiki kwenye tunda hata kama udongoni imejaa. Niliumia sana, maana miche ile niliikuza mwenyewe tangu mbegu.

Kwa hiyo usiinue tuta, lizamishe. Upana mita 1 ili ufikie katikati bila kukanyaga, urefu mita 5. Tifua vizuri, changanya samadi iliyooza madebe mawili, sawazisha liwe chini ya njia kwa vidole vinne, kingo zibaki juu. Halafu weka matandazo: majani makavu ya mgomba, au nyasi ambazo hazijatoa mbegu. Pumba za mpunga zinapatikana kwa urahisi hapa Morogoro lakini upepo wa kusi unazipeperusha, zinyunyizie maji ukishazitandaza. Siku ya jua kali, saa saba mchana, funua matandazo uweke kiganja chini yake, kisha kiweke pale palipo wazi. Ukishagusa mwenyewe tofauti ya ubaridi na joto hutahitaji kushawishiwa na mtu.

Maji hesabu hivi. Lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na milimita 1 ya mvua. Kiangazi mboga zilizokomaa zinatumia kama milimita 4 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo tuta hilo linataka lita 20 hadi 25, ndoo moja kubwa ya lita 20 na ziada kidogo. Miche michanga ipe kidogo kila siku. Ikishashika mizizi, mwaga ndoo mbili na nusu siku moja, uruke siku moja, ili maji yazame na mizizi iyafuate chini. Maji ya kuoshea mchele na mboga usiyamwage ovyo, yapeleke bustanini.

Sasa hivi sia chainizi, sukuma wiki, karoti na saladi, zinapenda ubaridi huu. Mchicha utauchuma baada ya wiki nne hivi. Matembele chomeka tu vipande vya marando karibu na bomba. Nyanya sia kitaluni leo, hamisha baada ya wiki nne. Bamia na matikiti yaache mpaka joto lirudi, ukipanda sasa yatadumaa.

Jambo moja la kuangalia kila asubuhi: geuza majani ya sukuma na chainizi. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani, wanapenda ukavu, wanaanza kama unga wa kijivu kwenye mshipa wa jani, wachache tu. Siku hiyo wasugue kwa vidole au wapige kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukichelewa wiki moja jani limeshajikunja, wao wako ndani, na dawa nyingi za kunyunyiza zinapita juu.

Kuhusu miche yako miwili ya maembe ya kupandikizwa, hapo ndipo nakubaliana na wenzangu. Usiiweke shambani sasa. Ihamishie kwenye viroba vikubwa, iweke kwenye kivuli chepesi, mwagilia, ipande vuli ikianza ili mvua iisaidie kushika.

Na ule mwembe mkubwa uliokuta hapo, umesema unataka kuumwagilia kwa kuwa unauonea huruma. Usiuguse. Mwembe unahitaji ubaridi na ukavu huu ili utoe maua. Ukiumwagilia sasa unaweza kukupa majani mapya badala ya maua. Palilia chini yake, kata matawi makavu, uuache. Maua yakishatoka na matunda yakashika ukubwa wa punje ya kunde, hapo upelekee maji.