Amri za Kihispania: -e ya adabu isikudanganye

Anayezungumza Kiswahili huanza somo hili na mtaji mkononi. "Soma" na "usome" anazijua tangu utotoni: irabu ya mwisho ikigeuka, amri hulainika. Kihispania nacho hugeuza irabu, ila si kwa upande mmoja kila mara.

Shika kwanza amri ya tú, yaani ya mtu uliyemzoea: rafiki, ndugu, mtoto. Chukua umbo la yeye la wakati uliopo, ulitumie lilivyo. Habla ni "anasema", na ndiyo hiyohiyo "sema!" Come, "kula!" Escribe, "andika!" Usimwambie rafiki hablar, ni kama kumwamuru "kusema!"

Kwa usted, mtu wa kumstahi, anzia umbo la mimi: hablo, como, escribo. Toa -o, weka irabu kinyume na ile ya kitenzi. Kitenzi kinachoishia -ar, kama hablar, hupata -e: hable. Vinavyoishia -er na -ir, kama comer na escribir, hupata -a: coma, escriba. Hapa sikio letu hutuponza. Hable inatukaa vizuri kwa kuwa inafanana na "useme". Basi mtu anamkaribisha mzee mezani, anamwambia come, akiamini -e imebeba heshima, kumbe amemsemesha kama mtoto. Mzee huambiwa coma.

Tahajia hubadilika ili sauti ibaki: buscar, "kutafuta", huwa busque; pagar, "kulipa", huwa pague.

Wakiwa wengi, ongeza -n kwenye umbo la usted: hablen, coman, escriban. Amerika ya Kilatini hilo linatosha kwa marafiki na wakubwa. Hispania, marafiki huamriwa kwa kugeuza -r ya mwisho kuwa -d: hablad, comed, escribid. Usiongeze irabu ukasema "habladi".

Kazi kubwa zaidi ni mkazo. Sisi hutanguliza kitendwa: "kinunue". Wao hukibandika nyuma: compra, "nunua", cómpralo, "kinunue". Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno likirefuka nao husogea; kwa mazoea hayo utasema com-PRA-lo. Wa Kihispania hubaki pale ulipokuwa, COM-pra-lo, na alama juu ya ó imewekwa kuulinda. Gonga meza kidole kwenye silabi hiyo, useme compra mara tatu, kisha cómpralo mara tatu, bila kidole kuhama. Fanya vivyo hivyo kwa coma na cómalo, escriba na escríbalo.