Uwanja wa mbio za magari hufanya kazi gani siku isiyo na mbio?

Wiki mbili zilizopita niliandika aya moja tu kuhusu Brooklands, uwanja wa kale wa mbio za magari huko Uingereza. Maswali yaliyokuja baada ya hapo ni mengi kuliko yale ninayopata kuhusu gia na radiata. Nimefanya kazi ya gereji hapa Dodoma zaidi ya miaka thelathini, na jambo hili nalipenda kwa dhati, kwa hiyo leo naliachia nafasi yote.

Shikamoo mzee. Uwanja wa kwanza wa mbio za magari ulijengwa wapi, na kabla ya hapo watu walishindana wapi? (Mwanafunzi, Area C)

Marahaba mjukuu wangu. Kabla ya hapo walishindana barabarani, kutoka mji mmoja hadi mwingine, na watu walikufa. Mwaka 1903 mbio za kutoka Paris kwenda Madrid zilikatishwa zikiwa zimefika Bordeaux tu, kwa sababu ya vifo vya washindani na vya watu waliokuwa kandokando ya njia. Hakukuwa na uzio. Vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba dereva wa nyuma hakuona kona.

Uwanja uliojengwa makusudi kwa ajili ya magari ni huo wa Brooklands, karibu na Weybridge, kusini-magharibi mwa London. Hugh Locke King, mtu mwenye mali, aliujenga kwenye ardhi yake mwenyewe, na ukafunguliwa tarehe 17 Juni 1907. Sababu yake inamgusa fundi yeyote. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikataza gari kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Sasa wewe umetengeneza injini, unataka kujua ikikimbizwa saa nzima itachemka au itadumu, utaijaribia wapi? Locke King akawapa mafundi wa nchi yake mahali pa kujaribia. Ilikuwa njia ya zege yenye urefu wa kilomita 4.4 na upana wa mita 30, pana kiasi cha magari kumi kupangana ubavu kwa ubavu.

Siku kumi na moja tu baada ya ufunguzi, Selwyn Edge aliingia na gari lake la Napier akaendesha saa 24 mfululizo. Usiku waliwasha taa nyekundu za reli zaidi ya 350 kumwonyesha njia. Alimaliza akiwa na wastani wa kilomita 106 kwa saa. Mimi nikiyafikiria matairi ya wakati ule, na mtu ameketi wazi bila kioo wala paa usiku kucha, napata heshima kubwa kwa waliolifunga lile gari nati kwa nati.

Jambo moja dogo la kukufurahisha: kwa kuwa hakuna aliyejua mbio za magari uwanjani ziendeshwe vipi, waliiga mbio za farasi. Katika mashindano ya mwanzo magari hayakuwa na namba. Madereva walivaa mashati ya rangi tofauti kama wapanda farasi.

Kwa nini kona za viwanja vingine zimeinuliwa upande mmoja kama ukuta? Gari halianguki? (Mama lishe, Sabasaba)

Dada yangu, chukua karai lako, tia gololi ya mtoto ndani, kisha lizungushe karai polepole. Gololi itatembea chini kabisa. Ongeza kasi, nayo itapanda ubavuni na kuzunguka huko juu bila kudondoka. Punguza, itashuka yenyewe.

Gari likiingia kona kwa kasi hutaka kuendelea mbele moja kwa moja, na kwenye barabara bapa kinacholizuia ni matairi peke yake. Ukiinua upande wa nje, barabara yenyewe inasaidia kulisukuma gari kuelekea ndani. Pale Brooklands kona ziliinuka karibu mita 9. Ubaya wake ni kwamba zege ile ilimwagwa juu ya udongo uliojazwa, udongo ukatitia, na uwanja ukajaa matuta. Zipo picha za magari ya pale yakiwa hewani, magurudumu yote manne hayagusi chini. Anayejenga nyumba kwenye udongo wa mbuga hapa kwetu anajua jinsi ardhi inavyoweza kupasua sakafu uliyoigharamia.

Mzee, uwanja wa mbio unatumika siku chache kwa mwaka. Si hasara kuacha ardhi yote hiyo? (Mwalimu, Mpwapwa)

Mwalimu, swali lako ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Ingekuwa hasara kama ungefanya kazi ya mbio peke yake. Viwanja vilivyodumu ni vile vilivyokuwa na kazi Jumatatu mpaka Ijumaa.

Rudi Brooklands. Katikati ya ule mzunguko palikuwa na ardhi tupu, na haukupita muda watu wa ndege wakaiona. A. V. Roe alijaribia ndege yake pale tangu mwaka wa kwanza. Zikafuata shule za urubani, halafu viwanda vya Vickers, Sopwith na Hawker. Vita ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 mbio zilisimama, na malori ya jeshi yenye matairi magumu yakaikwangua zege mpaka ikabidi itengenezwe upya. Mbio zikarudi mwaka 1920. Tarehe 6 Novemba 1935 ndege ya kivita ya Hurricane iliruka kwa mara ya kwanza kutoka hapohapo. Mbio za mwisho zilikuwa Agosti 1939. Vita ya Pili ikaugeuza uwanja wote kuwa kiwanda cha ndege, sehemu za njia zikakatwa, miti ikapandwa kwenye zege ili adui akitazama kutoka juu asielewe ni nini. Alielewa. Septemba 1940 mabomu yaliua wafanyakazi zaidi ya 80 wa kiwanda cha Vickers. Baada ya vita uwanja ukauzwa kwa Vickers, na miaka ya baadaye sehemu nyingi za ndege ya Concorde zilitengenezwa pale. Leo kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1991, maduka makubwa, ofisi, na vipande vya kona vyenye ukoka kwenye nyufa. Mbio zilidumu miaka 32 tu, lakini ardhi ile haijawahi kulala.

Silverstone, uwanja mwingine wa mbio huko Uingereza, ulikwenda kinyume chake. Ulikuwa uwanja wa ndege za mabomu, ulioanza kazi mwaka 1943. Vita ilipokwisha ikabaki lami tupu katikati ya mashamba, wapenda magari wakaingia, na tarehe 13 Mei 1950 mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Formula 1 zikafanyika pale. Giuseppe Farina wa Italia ndiye aliyeshinda.

Indianapolis, Marekani, ulifunguliwa mwaka 1909 kwa nia ya kuwa mahali pa kujaribia magari ya viwanda vya mji ule, na shindano lake la kwanza lilikuwa la maputo ya gesi. Mbio za kwanza za magari ziliua watu kwa sababu kokoto na lami vilibanduka, ndipo wakatandaza matofali milioni 3.2. Kipande kidogo cha matofali hayo kimeachwa mpaka leo kwenye mstari wa kumalizia. Ndani ya uwanja uleule watu hucheza gofu.

Na kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Alex Zanardi. Mwaka 2001 Mwitaliano huyu alipoteza miguu yote miwili katika ajali kwenye uwanja wa Lausitzring, Ujerumani. Mwaka 2012, Michezo ya Walemavu ilipofanyika London, mashindano ya baiskeli ya barabarani yalipelekwa Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari. Zanardi akaingia na baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono, akatoka na medali mbili za dhahabu na moja ya fedha. Na huo Lausitzring wenyewe, uliojengwa mahali palipokuwa na machimbo ya makaa ya mawe, siku hizi ni mali ya kampuni ya ukaguzi wa magari, na kazi yake kubwa ni majaribio ya usalama.

Sisi tunayo Kongwa, mwalimu, na kwako hapo si mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, mwaka 1951 mradi ukafa. Ardhi ileile ikawa ranchi ya ng'ombe, na miaka ya sitini wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakapata kambi pale. Kwa hiyo mtu wa Kongwa haoni ajabu kusikia kwamba uwanja wa ndege uligeuka uwanja wa magari.

Tanzania tumewahi kuwa na bingwa wa mbio za magari? (Msomaji, Manyoni)

Tumewahi, ila ni wa rali, na rali si mbio za uwanjani. Uwanjani mnazunguka njia ileile mkiwa pamoja. Kwenye rali kila gari huondoka kwa wakati wake na kupambana na saa, matope, vumbi na wanyama. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1966 na 1967 mshindi alitoka Tanzania: Bert Shankland, akiendesha Peugeot 404. Wazee wenzangu wanaikumbuka ile gari. Ilibeba abiria na magunia kwenye barabara zetu za vumbi, na fundi aliyeijua hakukosa ugali.

Kwa nini mashindano ya Formula 1 hayafanyiki Afrika? (Dereva wa lori, Singida)

Yalifanyika. Morocco mwaka 1958, na Afrika Kusini mara nyingi, ya mwisho ikiwa Kyalami mwaka 1993. Desemba 2024 Rwanda ilitangaza rasmi kwamba inayataka. Kinachozuia ni gharama.

Wanawake walianza lini? (Binti, Ipagala)

Mapema sana. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya Brooklands kufunguliwa, kulikuwa na mbio za wanawake na Muriel Thompson akashinda. Vita ya Kwanza ilipofika alikwenda Ufaransa kuendesha magari ya wagonjwa, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Ile kazi ya usukani haikuishia uwanjani.

Mzee, barabara ya mzunguko wa nje ni mkeka mtupu. Kwa nini sisi vijana wa boda tusiitumie kwa mbio usiku, magari yakiwa machache? Monaco si wanakimbiza mjini? (Boda, Nkuhungu)

Mwanangu, hapana. Nakujibu kwa upendo lakini jibu ni hapana.

Ni kweli Monaco wanakimbiza kwenye mitaa ya mji tangu mwaka 1929, na mbio za saa 24 za Le Mans, zilizoanza mwaka 1923, hutumia barabara za kawaida. Lakini siku hizo barabara hufungwa. Vizuizi vya chuma huwekwa pande zote, kila kona ina watu wenye bendera, daktari yuko tayari, na hakuna mama anayevuka na ndoo kichwani. Mzunguko wetu una urefu wa kilomita 112, unapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, na umepangwa ili malori yasiingie katikati ya jiji. Lori la mizigo usiku halina habari na mashindano yenu. Ng'ombe aliyelala juu ya lami kutafuta joto hana taa.

Mwaka jana niliitwa saa saba usiku kwenda kuchukua pikipiki mbili. Vijana walikuwa wakishindana, wa mbele akaona mbuzi, wa nyuma akamwona wa mbele. Mmoja bado anatembea na gongo. Nilipofungua breki ya mbele ya ile pikipiki ya pili nilikuta waya umelegezwa makusudi, kwa sababu wengi wenu mmeambiana kwamba breki ya mbele inaangusha. Hilo liliniuma kuliko vyuma vilivyopinda.

Basi kama Dodoma ingepata uwanja, ungeanza na nini? (Msomaji, Kisasa)

Nisingeanza na mbio. Ningeomba kipande cha lami chenye urefu wa mita mia tatu, bapa, kilichozungushiwa uzio, na sehemu moja inayoweza kumwagiwa maji. Asubuhi wanafunzi wa udereva, mchana mafundi wanaotaka kupima breki baada ya kazi, jioni watoto wa baiskeli, na siku za mwisho wa juma mashindano madogo ya pikipiki yenye msimamizi na gari la wagonjwa. Brands Hatch nao ulianza na baiskeli na pikipiki, kwenye majani.

Kwa sasa nina eneo la jirani lisilojengwa huko Nzuguni, na mwenyewe ameniruhusu. Jumamosi iliyopita nilichora mstari wa majivu chini, nikawaita boda wanne waje mmoja mmoja kwa mwendo uleule na kufunga breki wakifika mstarini. Wa kwanza alikanyaga ya nyuma tu, gurudumu likaserereka, vumbi likamfunika, akasimama hatua kumi na tisa mbele. Nikamfundisha kuibana ya mbele polepole kama anakamua nyanya, huku ya nyuma ikimsindikiza. Alirudia mara sita. Mara ya sita tulihesabu hatua kumi na moja, na yeye mwenyewe akarudi kuzihesabu tena kwa miguu yake.

Jumamosi hii nitakuwepo tena kuanzia saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Njoo na kofia ngumu, na yule wa Nkuhungu aje na wenzake.