Maswali ya Seva: Bakapu Yako Ina Baiti Ngapi?

Seva yangu ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) ina RAM ya GB 16, lakini shared_buffers, yaani RAM inayojitengea kwa data, imekaa kwenye MB 128. Niipandishe hadi GB 12? Ripoti ya mwezi inachukua dakika tisa. (Msomaji, Mwanza)

Weka GB 4. Robo ya RAM ndipo pa kuanzia, kwa kuwa PostgreSQL hutegemea pia mfumo endeshi kutunza data ya diski kwenye RAM inayobaki. Ila ripoti yako haitapona kwa RAM. Iendeshe kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hatua za ombi na muda wa kila hatua. Ukiona jedwali zima linasomwa ili zipatikane rekodi ishirini, unachokosa ni faharasa (index) ya kuzifikia moja kwa moja. Na work_mem, RAM ya kupangia data, usiipandishe kwa pupa: kiasi hicho si cha seva nzima, kila upangaji ndani ya kila ombi unaweza kukichukua chote.

Nifungueje mlango 5432 wa PostgreSQL nifanye kazi nikiwa nyumbani?

Usiufungue. Swali hili nimelijibu mara nne mwaka huu, na bado naletewa pg_hba.conf (faili linaloamua nani aingie) yenye trust kwenye 0.0.0.0/0, yaani yeyote duniani aingie bila nenosiri. Pita kwenye SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali; listen_addresses ibaki localhost, yaani PostgreSQL isikilize mashine yake tu.

Bakapu inajitengeneza kila usiku saa nane. Kuna cha kuongeza? (Msomaji, Nakuru)

Kuna. Mara ya mwisho uliirudisha lini? Hukusema, na karibu kila anayeniandikia kuhusu bakapu hasemi.

Niliwahi kuitwa kwenye chama kimoja cha kuweka na kukopa, diski imekufa. Folda ya bakapu ilipendeza: kila usiku na faili lake, kila faili na tarehe yake. Nikatazama ukubwa. La jana, baiti 20. La juzi, baiti 20. La mwezi uliopita, baiti 20. Hizo ndizo baiti za faili la gzip (programu ya kubana mafaili) lisilo na kitu ndani. Nenosiri lilikuwa limebadilishwa, pg_dump, inayotoa nakala ya hifadhidata, ikawa inakataliwa kila usiku, lakini gzip iliyokuwa ikipokea upande wa pili ilimaliza kazi yake salama, na skripti ikahesabu kwamba mambo yako sawa. Mhasibu alikaa wiki tatu akiingiza marejesho ya mikopo upya kutoka kwenye stakabadhi, moja moja.

Kwa hiyo weka set -o pipefail juu ya skripti yako ya bash, ili amri yoyote ya mnyororo ikishindwa ihesabike, au tumia pg_dump -Fc ambayo hubana data yenyewe. Nakala moja ikae kwenye mashine nyingine, jengo jingine. Kila mwezi irudishe kwa pg_restore kwenye hifadhidata tupu, kisha hesabu rekodi za jedwali kubwa. Usidhani haya ni ya wadogo tu. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, huduma ya kutunza msimbo wa programu, walifuta data ya seva yao kuu kwa bahati mbaya. Wakakuta pg_dump yao ilikuwa ya toleo 9.2 wakati seva ni 9.6, imekuwa ikishindwa, na barua pepe za kuwaarifu zilikuwa zikikataliwa njiani. Walipoteza data ya takriban saa sita.

Na msiniambie mna replika, seva ya pili inayonakili kila badiliko. DROP TABLE, amri ya kufuta jedwali, hufika kwenye replika hujamaliza kushtuka.

Nikizima fsync (kuhakikisha data imefika diskini), kuandika kunakuwa haraka. Nizime?

Hapana. Umeme ukikatika, hifadhidata inaweza isifunguke tena. Kama unaweza kuvumilia kupoteza miamala michache ya mwisho, zima synchronous_commit, yaani kusubiri kila muamala ufike diskini; data iliyobaki itakuwa nzima. Kwa mfumo unaopokea malipo ya wateja, hata hiyo usiizime.

Kwenye MySQL, hifadhidata nyingine, emoji zinakataliwa.

utf8 ya MySQL, mfumo wake wa kuhifadhi herufi, inaishia baiti tatu kwa herufi, emoji inataka nne. Geuza jedwali liwe utf8mb4, bakapu kwanza.

Nimepandisha max_connections (kikomo cha miunganisho ya PostgreSQL) hadi 2000, nimepakia mipangilio upya, bado wateja wanakataliwa. (Msomaji, Tanga)

Hiyo haibadiliki mpaka seva izimwe na kuwashwa. Safu ya pending_restart kwenye pg_settings, orodha ya mipangilio, ingekuonyesha. Lakini usiizime kwanza. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wenye RAM yake. Fungua pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyopo, uone ni mingapi imekaa idle, bila kazi. Ikiwa ndiyo mingi, programu yako inafungua miunganisho bila kuifunga: rekebisha hapo, weka PgBouncer, inayowagawia wateja wengi miunganisho michache, mbele ya seva, na urudishe 100 uliyoikuta.