Maswali na majibu: Mbwa katafuna ua, jina la ua unaniuliza mimi?

Wiki hii tena, nusu ya ujumbe ni uleule. Mbwa kala mmea, mmea gani hajui, kala saa ngapi hajui, ila jibu analitaka sasa hivi. Haya tuanze.

Swali: Daktari mbwa wangu kala majani ya bustanini anatapika, nimpe nini?

Majani gani? Ya kijani? Usimpe kitu, mpeleke kwa daktari wa wanyama, ubebe na kipande cha huo mmea, tawi lenye ua au tunda kama lipo, na matapishi yafunge kwenye mfuko uende nayo. Yananuka ndio, lakini yanasema ukweli kuliko wewe.

Swali: Ni kweli maziwa yanaua sumu?

Hapana. Na kabla hujauliza, mafuta ya kula nayo hapana, yai bichi hapana, na maji ya chumvi ndo kabisaa hapana, chumvi nyingi peke yake inatosha kumtia mbwa degedege na kumuua hata kama ule mmea haukuwa na neno. Hii habari ya kumtapisha nyumbani mnaipenda sana sijui kwa nini, utomvu wa mnyaa umeunguza koo wakati unashuka halafu wewe unataka upande tena uunguze mara ya pili, na mbwa aliyelegea au anayetetemeka ukimtapisha, matapishi yanaingia mapafuni. Mtapishe pale tu daktari akikwambia, na kwa njia atakayokwambia yeye. Akitafuna mnyaa au difenbakia (yale majani mapana yenye madoa meupe) akaanza kudondosha mate, msuuze mdomo kwa maji safi, kisha piga simu.

Swali: Nina mbarika mwekundu wa urembo, mzuri sana, mbwa hajawahi hata kuugusa. Niung'oe?

Hajawahi, mpaka siku atakapougusa. Ng'oa. Mbarika, wengine mnauita mnyonyo, sumu yake kali iko kwenye mbegu, inaitwa risini, na kazi yake ni kuzuia seli zisitengeneze protini, kwa hiyo zinakufa. Mbwa akimeza mbegu nzima huenda ikapita salama, akiitafuna hapo ndo balaa. Tena dalili zinachelewa, anaweza kukaa masaa kadhaa mpaka siku nzima anacheza tu, wewe umeshatulia, ndo kutapika na kuharisha damu kunaanza. Hamkuniuliza ila nasema: angalieni na mbolea. Mashudu ya mbarika yanauzwa kama mbolea ya asili, mtu anayachanganya na unga wa mifupa, sasa mbwa gani atanusa mifupa aache kufukua?

Swali: Kuna kimchikichi kifupi cha mapambo nimenunua, muuzaji kasema hakina shida.

Muuzaji anauza. Kama majani yake ni magumu yanachoma ncha, yamejipanga duara juu ya kishina kinene, hicho si mchikichi wala si ndugu yake, hiyo ni sikasi, na kwenye orodha yangu ya mimea ninayoichukia iko namba moja. Yote ni sumu, mbegu zake za rangi ya chungwa ndo mbaya zaidi. Mbwa anatapika siku ya kwanza, anaweza kuonekana kapata nafuu, mwenyewe unashukuru, kumbe ini linakwenda, siku ya pili au ya tatu macho yanakuwa ya njano. Wengi hawaponi hata wakitibiwa. Usisubiri dalili, ukiona kaitafuna tu, ondoka naye.

Swali: Mshubiri je? Si ni dawa ya asili?

Hata nyoka ni wa asili. Ule utomvu wa njano chini ya ganda unamharisha na kumtapisha. Vitunguu pia, maji na saumu, vibichi na vilivyopikwa, vinavunja chembe nyekundu za damu na utagundua siku kadhaa baadaye ukiona ufizi umepauka.

Swali: Parachichi linadondoka uwanjani.

Okota. Hofu yangu ni kokwa, inaziba utumbo.

Swali: Mbwa wa porini wanajua mimea mibaya, wangu mbona hajui?

Nani kakwambia wanajua? Wako umemfungia uani peke yake kutwa nzima, hana mfupa hana mpira, anatafuna kilichopo.

Swali: Nimekata olianda yote, kile kichaka cha majani membamba na maua ya waridi au meupe, sasa mbwa yuko salama?

Umefanya vizuri, lakini hayo matawi umeyaweka wapi? Olianda ikikauka sumu haiondoki, inabaki ileile ya kuvuruga moyo, na maji uliyowekea maua yake ndani nayo ni sumu. Usichome moto, moshi wake una madhara hata kwako. Na tafadhali usimrushie mbwa kijiti chake akimbilie, nimeshaona mtu akifanya hivyo.

Swali: Mwaka jana mbwa wangu alikula lile ua jekundu la kawaida hakufa, kwa hiyo si sumu eti?

Labda alikula petali moja, labda alitapika usimwone. "La kawaida" ndo lipi? Tuma picha.